Saa Tisa, Ongeza Tatu

Siku wazee wa Gideon walipopanga kuniposa kwa video, ujumbe uliingia kwenye simu ya baba mdogo Karugendo: 2025-06-14T09:00+03:00. Sisi tuko Ijumbi, wao wako Bukoba mjini. Baba mdogo aliusoma akacheka.

"Saa tisa, ongeza tatu. Watu wa mjini siku hizi wanaandika kabisa na muda watakaochelewa!"

Basi tukafungua video saa kumi na mbili jioni, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikiwa mezani. Kwenye kioo tukawaona wazee wanne wamevaa makoti, mmoja amesinzia. Kumbe 09:00 ni saa tatu asubuhi, na +03:00 ni majira ya Afrika Mashariki tu; tangu asubuhi walikuwa hawajaondoka. Nikajua posa yangu imevunjika.

Baba mdogo alifungua mdomo aombe radhi, lakini mshenga wao akamtangulia, kichwa chini.

"Mzee, desturi tunaijua. Anayeposa husubirishwa nje mpaka wenye binti waridhike. Tumesubiri."

Baba mdogo akaufunga mdomo. Akajiweka sawa kitini, akakohoa.

"Mmejitahidi," alisema. "Karibuni sasa. Ingawa wakwe wa zamani walikuwa wanalala uani."