Chumba cha Uani

Dalali alisema nyumba inanuka ugonjwa.

Alisema hivyo akiwa katikati ya sebule, mikono mfukoni, pua juu. Mjane alikuwa amepiga magoti karibu na viatu vyake, akisugua sakafu kwa sabuni ya unga na brashi iliyokwisha meno. Alikuwa akisugua tangu alfajiri. Hakuinua kichwa.

"Si uchafu," dalali alieleza, bila ubaya wowote. "Uchafu unatoka kwa sabuni. Hii ni harufu ya mgonjwa. Mteja akiinusa tu, anaanza kushusha bei."

"Itatoka," alijibu shemeji wa mjane, aliyesimama mlangoni. "Au siyo, shemeji?"

"Itatoka," mjane alisema.

Shemeji alikuwa mdogo wake marehemu, mtu wa sauti ya chini, mwenye tabia ya kukushika bega kila anapokunyang'anya kitu. Matanga yalikuwa hayajapoa alipowakalisha ndugu zake kikao. Wakaamua kwamba mwanamke ambaye hakuzaa na kaka yao hana la kusema juu ya nyumba ya kaka yao. Hakuna aliyeuliza mabati ya paa yale yalitoka wapi. Yalitoka kwenye cherehani yake, bati moja baada ya jingine, miaka ya kushona sare za shule za watoto wa wenzake. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alimsikiliza kwa huzuni kubwa, akatikisa kichwa, akamwambia arudi wiki inayofuata. Aliporudi alimkuta shemeji yake barazani kwa mwenyekiti, wanakunywa chai na kucheka.

Basi mambo yakapangwa hivi: akisaidia nyumba iuzike vizuri, atapewa chumba na ataachiwa cherehani yake. Akileta maneno mbele ya wateja, atatoka na nguo alizovaa. Hakuwa na mbele wala nyuma. Akakubali.

Na kazi aliifanya, tena kwa moyo, jambo ambalo lilimtia hasira yeye mwenyewe. Hakujua kusafisha nyumba ile nusunusu. Alipiga msasa milango, akatia mafuta bawaba zilizokuwa zikilia tangu walipohamia, akafunga mpira mpya kwenye koki ya jikoni ambayo marehemu alikuwa ameahidi kuitengeneza kesho, na kesho, na kesho. Picha ya harusi ilishushwa.

"Mteja anataka kujiona yeye humu ndani, siyo nyinyi," dalali alisema. Kisha akaigonga cherehani kwa kidole. "Na hii itolewe. Inamwambia mteja kuna shida, na mwenye shida huuza rahisi."

Shemeji aliipakia kwenye gari lake. Akamshika bega. "Nakutunzia."

Kikabaki chumba cha uani. Kilijengwa kiwe stoo, lakini ndimo marehemu alimolala mwaka wake wa mwisho. Vyumba vingine walikuwa wamevipangisha wapate za dawa, na chumba chao alikataa kulala, asije akamkoholea mkewe usoni. Ukuta wa nyuma wa stoo ile ulikuwa ukinywa maji kutoka chini tangu ulipojengwa. Kuvu nyeusi ilikuwa imepanda hadi usawa wa kiuno. Daktari aliwahi kusema mgonjwa atolewe mle haraka. Hakusema apelekwe wapi.

Mjane alijifunga kitambaa puani, akakwangua ukuta kwa kisu. Kuvu ilianguka pamoja na lipu, na vumbi lake lilimkaba koo hata akatoka nje kukohoa.

"Piga rangi ya mafuta, mikono miwili, mmoja juu ya mwingine," dalali alimwambia. "Itashika mpaka mvua. Mpaka mvua inatutosha."

"Maji yanatoka chini, kaka. Rangi haiyazuii. Atakayelala humu ataumwa."

"Atakayelala humu unamjua?"

"Simjui."

"Sasa?"

Akachovya brashi, akapaka. Ukuta ukawa mweupe, unang'aa, mzuri kuliko kuta zote nyumbani. Aliona haya kuutazama.

Siku ya wateja dalali alifika mapema na aproni mkononi. "Mteja akiona mjane anaona kesi mahakamani. Leo wewe ni dada wa kazi. Sawa, mama?"

Alivaa. Kamba ilimtosha vizuri kiunoni.

Walikuja mume na mke, watu wa heshima, wasio na kelele. Mke alipitisha kidole juu ya dirisha, akakitazama, akatabasamu. Alifungua koki, akafunga, akafungua tena. Mume alitazama dari kwa muda mrefu, halafu badala ya kumuuliza dalali akamgeukia mwenye aproni.

"Dada, wewe umekaa hapa. Tuambie ukweli. Nyumba hii haina maneno? Hakuna mtu anayeidai?"

Mkono wa shemeji ulitua begani kwa mjane, mwepesi, wa kirafiki. Aliyatazama mabati ya baraza kupitia mlango uliokuwa wazi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Angelitamka, usiku huo angelala wapi?

"Haina maneno, baba."

Wakaenda uani. Mke aliingia stooni, akageuka huku na huku mbele ya ukuta mweupe. "Chumba cha msaidizi hiki. Kizuri, kisafi." Kisha akamsemesha shemeji, juu ya kichwa cha mjane. "Na huyu dada, mnaondoka naye? Sijaona mtu anayesafisha nyumba namna hii."

Shemeji hakufikiri sana. "Mkimtaka, abaki. Nyumba anaijua."

"Shemeji!" Lilimtoka lenyewe.

Mke alikunja uso. "Amekuitaje?"

"Shemeji," alisema yule mdogo wa marehemu, akicheka kwa sauti yake ya chini. "Sisi hata wafanyakazi tunawaita ndugu."

"Watu wa roho nzuri nyinyi," mke akasema.

Wakati wa kuagana mjane alimfuata shemeji hadi kwenye gari. "Uliniahidi chumba."

"Chumba si hicho hapo? Na mshahara juu." Akawasha gari. "Cherehani nitaileta nikipata nafasi."

Nyumba ikauzwa, na mvua zikaanza kabla cherehani haijaletwa. Asubuhi moja aliamka kwenye mkeka wake stooni, akaona rangi imevimba kwa chini, usawa wa kichwa chake alipokuwa amelala. Aliiwekea kiganja. Ikachanika, laini, maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko, na nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi vilevile. Akakohoa. Alijaribu kukizuia kikohozi, na hakikuzuilika.

"Dada!" mama mwenye nyumba aliita kutoka jikoni. "Kuna harufu huko uani. Hebu angalia inatoka wapi, uisafishe."

"Itatoka, mama," alijibu. Akajifunga aproni, akachukua brashi.