Kidole cha Lusungu

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mke wangu Lusungu alipopita mlango wa pembeni wa chuo. Alipita akicheka. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi wa kukatia ua, nikamtazama mpaka mkoba wake ukapotea nyuma ya maktaba, nikajiona mwanamume kweli.

Tangu Februari wakubwa wa chuo walikuwa wamefunga mashine kwenye lango kuu. Hakuna tena kuita majina darasani, walisema. Mwanafunzi aweke kidole, taa iwe kijani, lango lifunguke, mashine imwandike kuwa yupo. Watoto wa hapa Rasi ya Mashariki walipita kama maji. Wageni nao walipita, wa Lesotho, wa Zimbabwe, hata yule Mkongo mwenye vidole kama ndizi. Lusungu alipoweka chake, taa ikawa nyekundu. Akaweka cha pili. Akafuta mkono kwenye sketi, akapuliza, akaweka cha tatu. Foleni nyuma yake ikaanza kuguna.

Miaka kumi na mmoja, tangu tutoke kwetu Rumphi, alikuwa akifua mashuka ya hoteli kwa mikono na dawa kali ya kung'arishia. Alikuwa na miaka thelathini na tisa alipopata nafasi ya kusomea ualimu. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Mimi ningezitambua gizani. Mashine haikuona kitu.

Mlinzi Mkhuseli aliigeuza mikono ya Lusungu juani, akaichunguza. "Dada, wewe ungeiba benki," alisema. "Polisi wangekuja, wangekuta hakuna mtu aliyeingia."

Tulicheka wote watatu. Siku hizi nikiyakumbuka maneno yale, sicheki.

Ofisi ya kompyuta ilimwambia fundi yuko njiani. Ilimwambia hivyo wiki tatu. Mwalimu wake alimwonea huruma, lakini daftari la majina walikuwa wamemnyang'anya. Ndipo mimi, mkata nyasi niliyeishia darasa la nne, nikapata akili. Nikamwomba Mkhuseli awe anamfungulia mlango wa pembeni kwa kadi yake mwenyewe. Mtu mwema, alikubali bila kuomba hata sigara.

Asubuhi ile Lusungu alisita kidogo. "Baba Temwa, mashine itajuaje kwamba nimeingia?"

"Si utakuwa umekaa darasani?" nikamjibu. "Kwani wenzako vipofu?"

Jibu hilo ni langu. Sijawahi kumsingizia mtu mwingine.

Ujumbe wa kwanza ulifika kwenye simu yake akiwa darasani, kiti cha mbele, kalamu mkononi. Mpendwa mwanafunzi, tumekukosa wiki hii. Alimwonyesha rafiki yake Limpho, binti wa Lesotho, wakacheka chini chini. Wa pili hawakuucheka. Wa tatu ulikuja mwisho wa Aprili: jina lake limeondolewa. Na mgeni jina likiondolewa, kibali cha kukaa nchini kinakufa, na kadi ya bima ya matibabu aliyolazimishwa kuilipia inakufa nayo.

Nilivua kofia nikaingia ofisini kwa Bi Nomakhwezi, msimamizi wa wanafunzi. Akanigeuzia kioo cha kompyuta, kana kwamba ningeweza kukisoma. Mfumo ulionyesha kwamba mke wangu hajakanyaga chuoni muhula mzima.

"Mama, mimi nakata nyasi chini ya dirisha la darasa lake. Namwona kila siku."

"Aliingilia wapi, Tata?" aliuliza taratibu kabisa, akiniita baba kwa lugha ya huku. "Nitajie aliyemfungulia, nimwandike kwa wakubwa."

Mkhuseli alikuwa na watoto watano. Nilivaa kofia yangu nikatoka.

Pumu ya Lusungu ilikuwa ya zamani, matunda ya dawa ileile ya mashuka. Jumapili tarehe 12 Mei ilimkaba akiwa anasonga ugali. Nikampeleka hospitali ya karibu, ile inayopokea kadi za wanafunzi wa nje. Binti wa mapokezi akabonyeza, akabonyeza tena.

"Kadi haipo, Tata."

Kadi ilikuwa mkononi mwake.

Tukaenda hospitali ya serikali, ng'ambo ya mji. Tulikuta watu thelathini mbele yetu. Nilimwita muuguzi mara mbili, akasema kila mtu pale anaumwa. Saa kumi jioni, walipobaki watu kumi na wanne, Lusungu aliniegemea begani. Nilidhani amepata usingizi. Nikasogea ili akae vizuri.

Tulimzika Alhamisi, kwenye makaburi ya manispaa, kwa sababu kumrudisha Rumphi kulinishinda. Limpho alikuja. Mkhuseli alishika koleo.

Limpho ndiye aliyeniandikia barua ya malalamiko. Majibu yalikuja Agosti, karatasi sita zenye mihuri. Chuo kinasikitika, zilisema, ila kimechunguza kwa makini na kukuta jina la marehemu halikuondolewa hata siku moja. Mahudhurio yake yote yapo, basi suala la kadi waulizwe wengine. Limpho alinisomea mstari kwa mstari, jikoni kwangu: tarehe, saa, yupo. Tarehe, saa, yupo. Niliona aibu, maana nilikuwa nafurahi. Kisha kidole chake kikakwama kwenye mstari mmoja.

"Soma, mwanangu."

"Alhamisi, tarehe 16 Mei," alisoma. "Saa nne na dakika tano asubuhi. Yupo."

Saa nne na dakika tano mchungaji alikuwa hajamaliza sala. Jeneza lilikuwa juu ya kamba, na kamba moja niliishika mimi.

Nilizipeleka karatasi kwa Bi Nomakhwezi. Alizisoma kwa muda mrefu, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akampigia mkubwa mwingine, wakaniambia nisubiri nje. Huu ni mwaka wa tano nasubiri. Wamenihamishia kwenye bustani ya mkuu wa chuo, nikate waridi, na kila akipita namwuliza lile lile moja, kwa heshima zote: asubuhi ile, langoni, kilichowekwa kilikuwa kidole cha nani?