Mshale wa Karibu

1.
TANGAZO KWA WAZAZI. Ijumaa saa nne asubuhi mkaguzi atafika Shule ya Msingi Mfinyanzini kuona programu iliyotengenezwa na darasa la tano. Isipofanya kazi, kompyuta zote sita zitahamishiwa shule nyingine.

2.
Mimi naitwa Sikudhani. Mchoro ni wangu, msimsikilize Hemedi. Mwalimu Nakijwa alitupa chaki tuchore programu sakafuni kabla ya kugusa kompyuta: visanduku na mishale. Mgeni anabofya mlango, sauti inapiga hodi. Mlango unajibu karibu, unafunguka, kuku anatoka anacheza. Kisha tukaitembea kwa miguu. Hemedi mgeni, mimi mlango. Mara kumi na mbili, na haikukwama hata mara moja!

3.
(Dirishani, mama wawili.)
— Kompyuta gani hiyo ya kurukaruka?
— Waache, shoga. Wangu siku hizi anaamka bila kuitwa.

4.
Ijumaa. Mkaguzi, Bwana Mkwizu, anabofya.

Hodi!



Hodi!



Hodi!



5.
Mimi, Mwalimu Nakijwa, nilikuwa nikihesabu. Hodi tatu bila jibu, mgeni anajiondokea zake. Bwana Mkwizu alishafunika kalamu.

"Mzee, tafadhali," nikasema, "kabla hujaenda, itembee."

Akavua viatu ili asifute chaki. Maskini, soksi imetoboka. Akafuata mshale wa kwanza hadi kwa Sikudhani.

"Hodi."

"Karibu! Shikamoo."

"Marahaba. Nani kakwambia ujibu?"

Sikudhani akatazama miguuni.

6.
Hakuna mshale wa karibu.

Hakuna!

Mara zote kumi na mbili nilijibu kwa adabu tu. Sasa ningemwachaje mtu mlangoni? Lakini kompyuta haikulelewa na mama yangu. Hemedi alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka, ingawa nilikuwa naona aibu. Nikaomba chaki.

7.
FOMU YA UKAGUZI
Programu: Haifanyi kazi (imekatwa kwa kalamu)
Muda wa ziada: Dakika kumi
Kompyuta zihamishwe: ................
Maoni: Nilikaribishwa vizuri na

8.
Hemedi ameongeza kipande cha kijani, cha amri ya kujibu karibu, kwenye skrini, palepale nilipochora mshale. Bwana Mkwizu bado hajavaa viatu. Mama wawili wameingia ndani kabisa.

Mwalimu anasema tufumbe midomo, wote, safari hii ijibu yenyewe. Nimefumba. Nimeushika mdomo kwa mikono miwili, maana najijua.

Bwana Mkwizu anabofya.

Hodi!