Barua ya Hatibu na Mwinshehe

Mwaka 1999 kiwanda cha magunia kilipopata mwenye mali mpya, mimi Felista nilikalishwa mbele ya kompyuta iliyomeza barua zote za wafanyakazi. Mwenye mali alizitaka nyumba za kiwanda. Familia iliyothibitisha miaka kumi na mitano ya kazi ingebaki, wengine watoke. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana.

Bi Pili alifika Ijumaa hiyohiyo, saa nne. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anahema. Marehemu mumewe, mtu wa Kinole huko Uluguru, aliajiriwa kwa jina la Hatibu. Mjomba wake alipofariki, ukoo ukamrithisha jina la mjomba, kama Waluguru wafanyavyo, na tangu hapo hata kiwandani akawa Mwinshehe. Hatibu alikuwa na miaka minane ya kazi, Mwinshehe tisa. Bosi wetu, Bwana Oscar, alishaamua kuwa hao ni watu wawili, na hakuna aliyefikisha kumi na mitano.

"Aliandika barua ya kubadili jina," Bi Pili alisema. "Nilikuwepo. Aliniambia kaipeleka. Hebu itafute, mwanangu."

Barua moja kati ya laki mbili! Na majina hayo Morogoro yamejaa tele. Ilibidi kompyuta ipekue kila barua, isake yenye majina yote mawili. Nikabonyeza. Saa tano ikafika, inasaka. Saa tano na robo, bado inasaka. Bi Pili hakubandua macho kwenye skrini, japo hakujua kusoma.

Kompyuta za wenzangu zikaganda, maana zote zilitegemea mashine moja. Sheria ya ofisi ilikuwa wazi: utafutaji ukizidi dakika kumi, ukatwe. Bwana Oscar akatoka chumbani kwake amevimba.

"Nani ameshikilia mashine?"

"Mimi, bosi. Imeshapita barua laki moja na nusu. Nipe robo saa tu."

"Wageni wa mwenye mali wanasubiri orodha waliyoagiza. Kata."

"Bosi, huyu mama atatolewa nyumbani kwake!"

"Kata, au kesho usije."

Mimi nina hasira za karibu, mtaani kwetu Mafiga wote wanajua. Siku hiyo zilinikimbia, nikabaki na woga. Tena nikajidanganya kwamba ikikatwa itatoa angalau ilichokwisha kupata. Nikakata. Ikachapa mstari mmoja: Zilizopatikana, 0.

Mashine ile haikujua kusema kwamba haijamaliza. Bwana Oscar akaichukua karatasi, akaigonga muhuri wa "hakuna kumbukumbu", akaitia kwenye faili la watu wa kutoka.

"Bosi, hiyo sifuri si jibu," nilisema, kwa sauti ndogo ya aibu. Alikuwa ameshageuka. Kuanza upya kulikuwa kuanzia barua ya kwanza, na mashine walishaichukua wageni.

Bi Pili alinishika mkono.

"Umehangaika mno, mwanangu," alisema. "Kumbe hakuipeleka. Miaka yote ile alikuwa ananidanganya."

Sikujua kama aliipeleka. Nilichojua ni kwamba hatukumaliza kutafuta, na ilitosha nimwambie hivyo tu. Nikafungua mdomo. Bwana Oscar akaniita, nikaitika, nikaenda.