Mshono Haunyolewi

Tangu kaka yake aache kazi ya kuchomelea, Tumpe alikuwa na ombi moja tu, na halikuwa ombi la kusemwa kanisani. Alitaka Silvester Kalinga aanguke. Asife, aanguke tu, na watu wawepo.

Kaka yake, Aroni, alikuwa fundi Iringa mjini kabla jina lake halijachafuliwa. Gari la kupanda milima hushikilia ekseli ya nyuma kwa mikono ya chuma, na mikono hiyo ikiwa migumu, tairi moja likipanda jiwe, jingine huning'inia hewani na gari hukwama. Aroni aliikata mikono hiyo katikati, akaunga bomba ndani ya bomba lenye grisi, ili mkono uweze kujizungusha wenyewe. Tairi moja likawa juu ya jiwe, jingine shimoni, na yote mawili yakakanyaga ardhi. Madereva walimfuata kutoka Mufindi na Njombe. Lakini gereji ilikuwa ya Silvester, na aliyeitwa fundi mkuu alikuwa Silvester.

Kisha gari moja likavunjika mkono wa nyuma kwenye mteremko karibu na Igowole. Likabiringika, dereva akavunjika nyonga. Silvester hakungoja hata gari livutwe. Alitangaza kwamba Aroni alichomelea akiwa amelewa, Aroni ambaye hata togwa aliinusa kwanza isije ikawa imechacha. Neno la mwenye gereji likapita, mkono uliovunjika ukatupwa, na hakuna aliyempa tena kazi. Akarudi Rungwe kulima viazi. Kila Tumpe alipomlaani Silvester mbele yake, Aroni alijibu kwamba kisasi ni cha Bwana, kisha akainamia tuta lake.

Tumpe alijifunza kazi kwa kaka yake, na sasa alikuwa na gereji yake Iyunga, kando ya barabara kuu. Somo la kwanza alilopewa lilikuwa kwamba mshono haunyolewi. Ukishaunga chuma, uvimbe wake uache ulivyo, mnene na mbaya wa sura, maana nguvu imo humo. Ukiupitishia grenda ukausaga ili ung'ae, umeula uhai wake.

Mwaka huu, mpunga ulipokwisha kuvunwa, wenye magari ya milimani walikutana Rujewa kama kawaida yao, kuvuka mifereji mikavu isiyopitisha maji tena. Watu wa Mbeya wana desturi yao hapo. Gari lililobadilishwa nyuma halivuki mfereji wa kwanza mpaka fundi aliyelitengeneza apande, akae kiti cha nyuma, juu ya ekseli kabisa. Wanaiita kukalia kazi yako. Tumpe alikalia yake asubuhi ndani ya gari la mteja wake Lusekelo, akajigonga kichwa darini, wakamcheka, akashuka akicheka nao.

Muda si mrefu gari jipya likaingia shambani. Lilikuwa la Mahendra, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Iringa, aliyekuja na mkewe Leela. Kiti cha mbele, miwani myeusi machoni, alikaa Silvester.

Alimtambua Tumpe mara moja. "Kumbe mdogo wake Aroni," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wengi. "Bado mnachomelea, au mmehamia kwenye viazi ukoo mzima?"

Watu wawili watatu walicheka. Tumpe alilala chali akajisukuma chini ya gari la Mahendra, jambo ambalo Rujewa halimshangazi mtu. Pale kila mmoja huchungulia matumbo ya magari ya wenzake bila kuomba ruhusa.

Mikono ilikuwa ya aina ile ile ya Aroni, bomba ndani ya bomba. Lakini mishono ilikuwa laini kama ukucha, imesagwa ikalingana na chuma, juu yake rangi nyeusi inang'aa. Na kwenye mshono mmoja, uzi mwembamba wa kutu ulikuwa unachuruzika kutoka chini ya rangi. Chuma kikipasuka ndani, hulia hivyo.

Hapo akaielewa ajali ya Igowole. Aroni aliunga vizuri, akafunga zana, akaenda nyumbani. Mtu mwingine akaja nyuma yake na grenda, kwa kuwa wateja wanapenda kazi inayong'aa.

Alibaki amelala pale, na moyo wake ukacheka. Hakuhitaji kufanya chochote. Kunyamaza tu kungetosha. Gari lingeshuka mfereji wa kwanza, mkono ungeachia, ekseli ingekwenda upande, na Silvester angekuwa na watu wote wa kumtazama. Alitoka chini ya gari, akanawa mikono, akaegemea gari la Lusekelo akingoja kama mtu anayengoja chakula anachosikia harufu yake.

Ndipo Leela, amechoka na vumbi, akafungua mlango wa nyuma, akapanda na chupa yake ya chai. Alimwambia mumewe kwamba anataka kurekodi video wakivuka.

Tumpe alimtazama mama yule akitengeneza mtandio wake. Utamu wote ukageuka shubiri. Huyu hakumkosea mtu. Lakini asidanganywe mtu kwamba Tumpe alisamehe. Alipopiga hatua kulielekea lile gari, alikuwa ameona njia nyingine, na ilikuwa tamu kuliko ya kwanza.

Alimwamkia Mahendra kwa heshima, akamweleza desturi ya watu wa Mbeya. Mahendra akaipenda. Leela akashuka akicheka, akashikilia mlango uwe wazi. Watu wakasogea.

Silvester alianza kwa utani, kwamba kitambi chake kitavunja kiti. Wakacheka. Akasema mila za Mbeya hazimfungi Mhehe. Wakacheka kidogo. Akasema mgongo unamuuma, na safari hii hakucheka mtu.

"Kaka Silvester," alisema Tumpe, "panda."

"Mkono wa nyuma uko sawa."

"Basi panda."

"Nimesema uko sawa, dada."

"Nimekusikia. Panda."

Mahendra alikuwa na funguo mkononi. Aligeuka polepole. "Fundi," alisema, "Leela amekaa hapo tangu Iringa."

Silvester alikitazama kile kiti kama mtu anayetazama kisima. Jasho lilimtoka chini ya miwani. Hakupanda.

Lusekelo akaleta jeki. Mahendra alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nyeupe. Tumpe akamwonyesha ule uzi wa kutu, akaingiza mtaimbo, akasukuma. Mshono ukafunguka kama mdomo.

"Nani aliusaga?" aliuliza Mahendra.

"Wateja wanapenda kazi safi," alijibu Silvester.

"Na wa Igowole?" aliuliza Tumpe.

Silvester alinyamaza, na waliokuwa wamebeba ule uvumi miaka yote wakausikia ukimya wake. Lakini ukimya haukumshibisha Tumpe. Alipiga simu Rungwe, akaweka sauti kubwa, akamnyooshea Silvester simu.

"Aroni," alisema Silvester, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mshono wa Igowole niliusaga mimi. Hukuwa umelewa."

Kisha Aroni akaomba sauti ipunguzwe, apewe dada yake.

"Je, amelia?" aliuliza.

"Hapana."

"Ah," alisema Aroni. "Mimi nilitaka alie."

Tumpe alishangaa, akamkumbusha maneno yake kuhusu kisasi cha Bwana.

"Nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na namna ya kumfikia," alisema Aroni. "Usimwambie mchungaji."

Tumpe alicheka mpaka machozi yakamtoka, amesimama kwenye mabua ya mpunga. Alipotulia, Aroni aliuliza jambo ambalo halikuwa limempitia kichwani. Magari mengine yenye mikono iliyosagwa na Silvester yako wapi sasa hivi, na akina nani wamekaa nyuma?

Tumpe akainua macho. Silvester alikuwa amechukua begi lake, anaelekea barabarani kutafuta lifti.

"Anaondoka," alisema.

"Mrudishe. Yeye ndiye anayewajua wenye magari."

Basi Tumpe, aliyeomba miaka yote kumwona mtu huyu akianguka, akamkimbilia, akamshika mkono, akamrudisha kama mtu anayemrudisha mgonjwa kitandani. Akamkalisha kwenye kivuli cha gari la Lusekelo na kumwambia atoe simu, awapigie mmoja mmoja, wasimamishe magari yao leo.

"Nitawaambia nini?" aliuliza Silvester.

"Ulichomwambia Aroni."

Akakaa chini kando yake, bega kwa bega, apate kusikia kila neno. Wa kwanza akapokea. Silvester alivua miwani, akakohoa, akataja jina lake.