Koti Lililoamkiwa

Mzee mmoja alipeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini, na muda wote huo alivaa koti moja tu, la pamba iliyopakwa nta. Lilimkinga na mvua mpaka nta yenyewe ikachoka. Sasa mikunjo yake ilikuwa imepauka kama magoti ya mtoto, mabega yalivuja, na lilinuka beberu.

"Mkwe wangu," alimwambia mume wa bintiye, ambaye alikuwa kinyozi, "wewe una mashine ya kukaushia nywele. Joto lake litaiyeyusha nta; nipakie koti langu upya."

Kinyozi hakuthubutu kumkatalia baba mkwe. Alilisugua kwa brashi na maji baridi, bila sabuni, maana sabuni huifukuza nta. Lilipokauka, akayeyusha kopo la nta ndani ya sufuria ya maji ya moto, akaanza kupaka kwa kitambaa.

"Kidogo kidogo," mzee alikuwa amemwusia, "kama mafuta ya uso."

Lakini kinyozi aliona kidogo ni uchoyo. Akamaliza kopo, akafungua la pili, akalimaliza nalo.

Asubuhi iliyofuata nta ilikuwa imeganda. Alipolitoa koti kwenye hanga likasimama lenyewe katikati ya chumba cha kunyolea, mikono kiunoni, kama mtu anayedai maelezo. Alilisukuma, likarudi nyuma hatua moja na kusimama tena. Kabla hajajua la kufanya, akasikia kikohozi cha mkwewe mlangoni. Haraka akaliketisha kwenye kiti cha wateja wanaosubiri, likitazama ukuta.

"Karibu baba! Kaa hapa, kwanza nikunyoe ndevu." Akamvua kofia, akamlaza kwenye kiti cha kunyolea, akamfunika uso kwa taulo ya moto. Kwa kiwewe, kofia akaitundika juu ya kola ya koti.

Akaingia mwalimu mstaafu aliyesahau miwani nyumbani. "Shikamoo, mzee," akaliamkia koti. Kimya. Akaketi kando yake kwa adabu. "Huyu yuko mbele yangu?"

"Ndiyo," kinyozi akajibu, jasho likimtoka.

Mara akatokea mama mkwe. Akaiona kofia, akaliona koti, akashika kiuno.

"Kumbe umeshalivaa! Chakula kinapoa, wewe umekaa hapa na uvundo wako. Sikiliza, leo nakwambia ukweli. Hilo koti nimelitupa mara mbili. Mara mbili! Na mara mbili mbwa wa jirani amelirudisha mlangoni. Unanyamaza? Nijibu!"

"Mara mbili?" ikauliza sauti nzito.

Mwalimu akaruka. "Kumbe anasema!"

Mzee aliinua taulo, uso mwekundu kwa mvuke, akamtazama mkewe, kisha koti, kisha mkwewe aliyekuwa akitafuta pa kujificha. Kicheko kikamshika mpaka akateleza kutoka kitini. Mama mkwe alijikaza kununa, akashindwa.

Adhabu ikawa ya wote wawili. Kinyozi alipuliza joto kwa mashine yake, mama mkwe akakwangua nta kwa chanuo, mwalimu akashikilia mkono mmoja wa koti huku akiomba radhi kila ukilia kwacha. Ilipofika adhuhuri, koti lilikuwa limelainika, jeusi, likinukia mshumaa.

Mzee alilivaa, wakammwagia ndoo nzima ya maji. Yakateleza kama juu ya jani la magimbi, yote yakaishia kwenye viatu vya mwalimu.

"Sasa," mama mkwe akasema akimfunga vifungo mumewe, "nitafutieni na mimi koti langu."