Kleentastik

Mama Brashi alikuwa mchora mabango, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumkuta na herufi iliyokosewa. Shule aliiacha darasa la sita, baba alipofariki, na pengine ndiyo sababu alikuwa mkali wa tahajia kuliko waliosoma. Kila neno alilitafuta kwenye kamusi kabla ya kufungua kopo la rangi.

Kwa hiyo dobi, rafiki wa mumewe, alipomletea karatasi yenye jina la duka lake jipya la kufulia, alimrudishia palepale.

"Shemeji, hili neno kwenye kamusi halimo."

"Litakuwemo vipi na nimelitunga mimi?" Dobi alijaa furaha. "Nimechukua 'clean' na 'fantastic', nikayafungisha ndoa. C nimezifukuza, nimeweka K. Ndiyo mtindo wa siku hizi, linavuta macho."

"Watu watasema nimekosea."

"Waache waseme. Wewe chora."

Akaichukua tena karatasi, akachora. Kleentastik, herufi za buluu zenye kivuli cheupe, kazi ya siku tatu. Jumatatu asubuhi alikuwa juu ya ngazi akikaza skrubu ya mwisho, pale mwalimu mkuu wa shule ya jirani alipokuja kuchukua suti yake. Mwalimu akalisoma bango kwa sauti, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nani kaandika hii? 'Clean' kwa K? Hata wa chekechea hakosei hivi!"

Wateja nao wakaangua kicheko. Mama Brashi akamtazama dobi, akingoja aseme neno moja tu. Dobi akajichekesha pamoja nao.

"Ndiyo hivyo tena, mwalimu. Mafundi wetu hawa shule hawakumaliza. Nitamwambia arekebishe."

Damu ilimpanda Mama Brashi kichwani. Alishuka kidato kimoja kimoja, maana alijua akiharakisha atamrukia mtu.

"Rudia."

"Shemeji, tuyaache..."

"Ushemeji ni wa nyumbani. Hapa mimi ni fundi. Waambie nani kalitunga hilo neno."

Dobi akajitia kukunja shati la mteja. Mama Brashi akatoa ile karatasi kwenye mfuko wa ovaroli, mwandiko wa dobi mwenyewe, akamsukumia mwalimu mkononi. Mwalimu akaisoma, akakohoa, akasema ana kipindi. Akaondoka bila hata suti.

Mchana dobi alikuja karakana, sauti chini. "Nisamehe, dada yangu. Nilipitiwa."

"Ulinitukania hapa?"

"Hapana, lakini..."

"Basi rudi ulikonitukania."

Kesho yake dobi alisimama mlangoni pake mbele ya wateja wanne, macho sakafuni. Akasema neno ni lake, na fundi alimkanya hakusikia. Mteja mmoja akasema mbona ni neno zuri tu. Dobi akachangamka ghafla, akaanza kueleza zile K alizipataje. Mama Brashi akamwacha katikati ya sentensi.

Hasira haikuisha. Siku nzima alikoroga rangi mpaka ikamrukia usoni. Dobi angalau alisema. Mwalimu mkuu, aliyecheka kuliko wote, mpaka leo akimwona huvuka barabara kumkwepa, na Mama Brashi humwamkia kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, ili ajue kwamba ameonekana.